Kisu cha Kufyatua Risasi: Tatizo la Kichwa cha Nomino katika Kuita Silaha Mchanganyiko kwa Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuita silaha zilizounganisha bapa la kisu au upanga na mtutu wa bunduki au bastola katika chombo kimoja. Inaoneshwa kwamba mpangilio wa maneno unaochukuliwa kutoka lugha chasili bila kuchunguza kichwa cha nomino hukibadilisha kitu chenyewe kutoka aina moja kwenda nyingine. Aidha, inaoneshwa kwamba kitenzi -piga, ambacho hutumika kwa kisu na kwa risasi vilevile, huzaa utata ambao hauwezi kuachwa mikononi mwa mkalimani wa mahakama. Mifano imechukuliwa kutoka silaha za Ulaya, Marekani, India na Urusi ya Kisovieti, pamoja na msamiati wa silaha uliomo katika kamusi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Tangu hapo kazi ya kuunda istilahi za kisheria imeacha kuwa zoezi la kitaaluma tu. Miongoni mwa sheria zinazohitaji tafsiri makini ni ile ya mwaka 2015 inayohusu udhibiti wa silaha za moto na risasi. Katika sheria ya aina hiyo, neno moja linaweza kutenganisha kosa dogo na kosa kubwa. Mtu aliyekutwa na kisu na mtu aliyekutwa na silaha ya moto hawasomewi shtaka la namna moja.

Ni dhahiri kwamba kwa silaha nyingi hakuna shida. Upanga ni upanga, na bastola ni bastola. Shida huanza pale chombo kimoja kinapokuwa vyote viwili. Vyombo vya namna hiyo ni vichache, na vingi vimo katika makumbusho. Hata hivyo uchache wao haupunguzi umuhimu wao kwa mwanaisimu, kwani kitu kilichokaa mpakani ndicho kinachoonesha vizuri zaidi jinsi lugha inavyochora mipaka yake. Kiswahili kina kanuni ya upatanisho wa kisarufi inayomlazimisha msemaji kuchagua ngeli kabla hajasema jambo lolote kuhusu kitu. Msemaji wa Kiswahili hawezi kusema "hiki" au "hii" huku akiwa bado hajaamua kama anachokizungumzia ni kisu au bastola.

2.0 Vyombo vyenyewe

Sababu ya kuwapo kwa silaha hizi ni udhaifu wa bunduki za kale. Bunduki ya kupakia mdomoni ilitoa risasi moja tu, kisha mwenyewe akahitaji muda wa kumimina baruti, kusukuma risasi na kuandaa mtambo wa kuwashia. Katika muda huo adui mwenye mkuki alikuwa amekwisha kufika. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya wa karne ya 16 walitengeneza mapanga, mashoka na marungu yenye mitutu ya bastola ndani yake. Katika hazina ya silaha za kifalme ya Uingereza limehifadhiwa rungu la miiba la enzi ya Mfalme Henry VIII (aliyetawala 1509–1547) ambalo kichwani mwake mna mitutu mitatu. India nayo ilitoa majambia ya kusukuma yaliyowekewa bastola mbili, moja kila upande wa bapa.

Ubunifu huo ulipungua maana katika karne ya 19. Samuel Colt alipopata hataza ya bastola ya mzinga unaozunguka mwaka 1836, bastola yenye risasi kadhaa mfululizo ilianza kuwa kitu cha kawaida, na haja ya kuwa na upanga chini ya mtutu ikafifia. Kilichobaki ni namna mbili. Ya kwanza ni singe, ambayo imedumu katika majeshi hadi leo. Ya pili ni chombo kidogo cha kufichwa mfukoni. Namna hii ya pili ndiyo yenye matatizo makubwa ya kiistilahi, na itarejewa hapo chini.

3.0 Ushahidi wa msamiati wa zamani

Kabla ya kuunda neno jipya inafaa kuangalia jinsi Kiswahili kilivyoziita silaha za moto zilipofika pwani. Neno bunduki limetoka katika Kiarabu. Mara nyingi husemwa kwamba chanzo chake ni jina la Kiarabu la mji wa Venice, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba linatokana na neno la kokwa ya mti fulani wa Ulaya, ambalo baadaye lilitumika kwa vidonge vya kurushwa na upinde, na hatimaye kwa chombo kinachorusha. Risasi kwa asili ni jina la madini, na bado hutumika hivyo. Bastola ni neno la Kizungu lililokwisha kutoholewa zamani. Singe huhusishwa na neno la Kihindustani lenye maana hiyohiyo, nalo linaishi pamoja na neno beneti.

Lililo muhimu zaidi kwa makala haya si asili ya maneno hayo, bali ni virai vilivyojengwa juu yake. Kamusi za zamani zimehifadhi mfululizo ufuatao:

(1) a. bunduki ya mrao
b. bunduki ya gumegume
c. bunduki ya fataki
d. bunduki ya viasi
e. bunduki ya midomo miwili

Mfano wa (1a) ni bunduki iliyowashwa kwa utambi. Wa (1b) ni ile iliyotumia jiwe la kutoa cheche. Wa (1c) ni ya kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa. Na wa (1d) ni ya kupakiwa nyuma kwa viasi. Wasemaji wa pwani hawakuazima majina manne ya kigeni kwa teknolojia nne. Walichukua kichwa kimoja, wakakiwekea kihusishi cha -a unganifu, kisha wakataja sehemu ile inayoitofautisha bunduki moja na nyingine. Historia nzima ya mitambo ya kufyatulia, iliyochukua zaidi ya karne tatu, imeelezwa kwa muundo mmoja wa kisarufi. Kamati nyingi za istilahi zingeona wivu.

Ikumbukwe kwamba muundo huu si sawa na ule wa -enye. Linganisha:

(2) a. bunduki ya viasi
b. bunduki yenye singe

Katika (2a) viasi ndivyo vinavyoifanya bunduki kuwa ya aina ile; hata ikiwa tupu, haina kiasi hata kimoja ndani, bado ni bunduki ya viasi. Katika (2b) singe ni kitu kilichopo kwa wakati ule. Ikichomolewa, bunduki haina singe tena na haiwezi kuitwa yenye singe. Kwa maneno mengine, -a unganifu hutaja aina na -enye hutaja hali. Tofauti hii haikupewa uzito wa kutosha katika mijadala ya istilahi, ambako miundo hii miwili huchukuliwa kuwa ni njia mbadala za kutafsiri kivumishi kimoja cha kigeni.

Historia ya singe yenyewe inaunga mkono tofauti hiyo. Singe za mwanzo, za karne ya 17, zilikuwa na mpini wa mviringo uliochomekwa ndani ya mdomo wa mtutu. Zinaweza kuitwa singe za kuziba, kwa sababu askari aliyeichomeka hakuweza tena kufyatua. Bunduki yake iligeuka kuwa mkuki. Tarehe 27 Julai 1689, huko Killiecrankie nchini Scotland, askari wa serikali chini ya Jenerali Hugh Mackay walishambuliwa na watu wa nyanda za juu waliokuja mbio kutoka mlimani. Askari wale walikwisha kupiga risasi zao, na kabla hawajawahi kuchomeka singe adui alikuwa amewafikia kwa mapanga. Walishindwa vibaya. Baada ya hapo ilienea singe ya kuvisha, yenye pete inayozunguka mtutu kwa nje, ili mdomo ubaki wazi.

Katika singe ya kuziba chombo kilikuwa bunduki au mkuki, kimoja baada ya kingine, kamwe si vyote kwa pamoja. Katika singe ya kuvisha kilikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Lakini hata hivyo Kiswahili hakikuwahi kukiona kuwa ni kitu kipya chenye jina lake. Singe ilibaki singe, bunduki ilibaki bunduki, na -enye ikatosha kuviunganisha, kwa sababu viungo hivyo viwili hutengana. Inaelekea basi kwamba lugha haidai nomino mpya mpaka pale viungo vinaposhindwa kutenganishwa.

4.0 Ambatani na suala la kichwa

Viungo visipotenganishwa, mtafsiri wa leo hukimbilia ambatani ya nomino mbili. Kiswahili kinazo ambatani hizo kwa wingi: batamzinga, mbwamwitu, garimoshi, askarikanzu. Zote zinafuata kanuni moja. Neno la kwanza ndilo kichwa. Hilo ndilo linaloeleza kitu ni cha aina gani, na hilo ndilo linaloamua ngeli. Batamzinga ni aina ya bata, si aina ya mzinga, na garimoshi ni gari.

Kiingereza hufuata kanuni iliyo kinyume. Humo kichwa cha ambatani huja mwishoni. Jambo hili hufundishwa katika mwaka wa kwanza wa isimu, na husahaulika katika mwaka wa kwanza wa kazi ya tafsiri. Mfano mzuri wa hatari yake ni silaha iliyobuniwa na Mmarekani George Elgin.

Elgin alipata hataza yake mwaka 1837. Silaha yake ilikuwa bastola ya risasi moja ambayo chini ya mtutu wake limefungwa bapa refu na pana, la mtindo wa kile kisu kikubwa cha kupigania kilichobeba jina la James Bowie, aliyekufa katika ngome ya Alamo mwaka uliotangulia. Jeshi la Majini la Marekani lilinunua 150, zilizotengenezwa na C. B. Allen wa Springfield, Massachusetts, kwa ajili ya safari ya uchunguzi ya Charles Wilkes katika bahari za kusini (1838–1842). Mantiki ya mbunifu ilikuwa wazi: bastola ikishapiga, upanga uko tayari mkononi, na hakuna haja ya kutupa kimoja ili kuchomoa kingine.

Katika hati yake Elgin alikiita chombo hicho kwa ambatani ambayo neno la bastola limetangulia na neno la kisu au upanga limefuata. Kwa kanuni ya Kiingereza, basi, yeye alikiona kuwa ni kisu au upanga, uliozidishiwa bastola. Lakini wakusanyaji wa silaha wamezoea kukiita kwa mpangilio uliogeuzwa, upanga mbele na bastola nyuma. Kwao wao kitu hicho ni bastola. Hakuna aliyetangaza mabadiliko hayo. Maneno mawili yalibadilishana nafasi, na silaha ikahama kabati.

Sasa mtafsiri wa Kiswahili anayefuata mpangilio wa maneno atapata matokeo yafuatayo:

(3) a. bastola + upanga (kwa mpangilio wa Elgin) > bastolaupanga
b. upanga + bastola (kwa mpangilio wa wakusanyaji) > upangabastola

Katika (3a), kwa kuwa Kiswahili kinasoma kichwa mwanzoni, msomaji ataelewa kuwa ni bastola, kinyume cha alichosema Elgin. Katika (3b) ataelewa kuwa ni upanga, kinyume cha wanachosema wakusanyaji. Kila tafsiri imekuwa sahihi kwa neno na kosa kwa maana. Zaidi ya hayo, upatanisho unalitia kosa muhuri: "bastolaupanga hii ilinunuliwa", "upangabastola huu ulinunuliwa". Kila kiambishi kinachofuata kinarudia uamuzi ule wa mwanzo, na baada ya sentensi tatu hakuna msomaji atakayeshuku.

Ipo haja basi ya jaribio litakaloamua kichwa kwa kuangalia kitu chenyewe badala ya kuangalia lugha chasili. Makala haya yanapendekeza jaribio la kuondoa. Iondolewe kwa mawazo sehemu moja, kisha iulizwe kama kinachobaki ni chombo kamili kinachoshikwa kama kawaida yake. Ukiondoa bapa katika silaha ya Elgin inabaki bastola kamili, yenye kitako cha bastola na mtambo wa bastola. Ukiondoa mtutu, unabaki na bapa lililofungwa kwenye kitako kilichopinda, ambacho hakuna mtu mwenye upanga angependa kukishika. Kichwa chake ni bastola. Wakusanyaji walikuwa na haki dhidi ya mbunifu mwenyewe.

Matokeo kinyume yanapatikana katika kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya askari wa upelelezi wa Urusi ya Kisovieti, kinachojulikana kwa herufi NRS, na toleo lake la baadaye NRS-2. Hiki ni kisu cha jeshi cha kawaida kwa sura, chenye ala yake, lakini ndani ya mpini umefichwa mtutu mfupi unaobeba risasi moja ya milimita 7.62 isiyo na mshindo mkubwa. Risasi hutokea nyuma ya mpini, upande ulio kinyume na ncha. Mpigaji hulazimika kukigeuza kisu, ncha ikielekea kwake yeye mwenyewe, ndipo alenge. Ukiondoa mtutu huo, kisu kinabaki kisu bila upungufu wowote. Ukiondoa bapa, unabaki na kipande cha mpini. Kichwa hapa ni kisu, na Kirusi chenyewe kimekubali hivyo: jina lake kamili lina nomino ya kisu ikifuatiwa na kivumishi-kitenzi chenye maana ya kufyatua. Wachina nao wanacho kisu cha kijeshi cha jamii hii, QSB-91, chenye kubeba risasi nne.

Je, kivumishi-kitenzi hicho kitafsiriwe vipi? Umbo la rejeshi linavutia: kisu kifyatuacho. Lakini hapa pana mtego. Kisu cha kukunja chenye springi, ambacho bapa lake huchomoka likibonyezwa, husemwa kuwa kimefyatuka. Kati ya kisu kifyatuacho na kisu kifyatukacho tofauti ni silabi moja, na sikio la mtu aliye barazani mwa mahakama haliwezi kutegemewa kuipata. Inafaa zaidi kutumia muundo uleule wa mfano (1), kwa kutaja kinachofyatuliwa: kisu cha kufyatua risasi. Ni kirefu kuliko ambatani, lakini hakuna atakayekichanganya na kingine.

5.0 Utata wa kitenzi -piga

Hadi hapa mjadala umehusu nomino. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika kitenzi. Wasemaji wa Kiswahili husema:

(4) a. Alimpiga kisu.
b. Alimpiga risasi.
c. Alimpiga bunduki.

Katika (4a) nomino inayofuata kitenzi ni chombo kilichomchoma mtu. Katika (4b) si chombo. Ni kitu kilichotoka ndani ya chombo. Sentensi (4c), ambayo wengine huiona kuwa ya kizamani, hueleweka kwa maana ya (4b), na mtu akitaka kusema kwamba bunduki ilitumika kama rungu atalazimika kuongeza "kwa kitako". Uhusiano wa nomino na kitenzi katika sentensi hizi haukuandikwa popote katika umbo la maneno. Msikilizaji huujua kwa sababu anajua visu na bunduki hufanya kazi gani.

Sasa tuseme shahidi ameshuhudia shambulio lililofanywa kwa silaha mchanganyiko, na anasema:

(5) Alimpiga kisubastola.

Ujuzi wa msikilizaji haumsaidii tena. Silaha ile huchoma na hufyatua. Sentensi (5) inaweza kuwa na maana ya (4a) au ya (4b), au hata ya kugongwa tu. Mkalimani hawezi kuiacha hivyo, kwa kuwa lugha anayofasiria, kwa mfano Kiingereza, itamdai kitenzi kimoja cha kuchoma na kingine cha kupiga risasi. Atachagua, na uchaguzi wake utaingia katika kumbukumbu za shauri kana kwamba ni maneno ya shahidi. Daktari wa hospitali anaweza kuona jeraha na kujua. Hakimu anayesikiliza hana jeraha mbele yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba lugha yenyewe inayo dawa, iwapo wahusika watakubali kuitumia. Vipo vitenzi visivyo na utata: -choma, -dunga, -chanja na -kata kwa upande mmoja, -fyatulia kwa upande wa pili. Vilevile wasemaji wa kawaida, wanapokabiliwa na kitu chenye sura mbili, huwa na tabia ya kuacha jina la kitu kizima na kutaja sehemu zake: "bastola ililia, kisha akamchoma kwa kile kisu chake". Sentensi kama hiyo inaonekana kuzungumzia silaha mbili, na wakili makini anaweza kuuliza ya pili iko wapi. Hata hivyo ni bora kuliko (5). Kwa hiyo mwongozo wowote wa wakalimani wa mahakama ungepaswa kuizuia -piga katika maelezo ya namna hii, hata kama kufanya hivyo kunalifanya Kiswahili cha shahidi kisikike kigumu kuliko alivyokisema.

6.0 Silaha iliyojificha katika jina

Silaha za mfukoni zinaleta tatizo jingine. Kuanzia miaka ya 1840 kampuni ya Unwin & Rodgers ya Sheffield, Uingereza, mji uliosifika kwa visu, iliuza visu vidogo vya kukunja ambavyo ubavuni mwake viliwekewa mtutu mfupi na mtambo wa kugonga fataki. Mtu akivikunja, alionekana kubeba kisu cha kuchongea kalamu. Jaribio la kuondoa halitoi jibu la uhakika hapa. Ondoa mtutu, unabaki na kisu cha kawaida; ondoa mabapa, mtutu na mtambo bado vinafanya kazi yake, ijapokuwa kwa kushikwa kwa shida.

Sheria ya silaha za moto ya Uingereza ya mwaka 1968, kama ilivyorekebishwa, imeweka miongoni mwa silaha zilizopigwa marufuku silaha yoyote ya moto iliyofichwa kwa sura ya kitu kingine. Mwandishi wa sheria hiyo hakuhangaika kuorodhesha kisu, kalamu, fimbo na mwavuli. Alitumia nomino pana kama kichwa, kisha akaeleza umbo. Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo bila taabu: silaha ya moto yenye umbo la kisu. Hapa -enye inastahili kabisa, kwa kuwa umbo ni hali iliyovaliwa na kitu, na si aina yake.

Kutokana na mfano huu inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watunga istilahi huyachanganya, yaani jina na fasili. Jina linaweza kufuata sura na matumizi, na kwa NRS-2 jina sahihi ni kisu cha kufyatua risasi. Fasili katika sheria hailazimiki kufuata kichwa cha jina. Kinachotakiwa ni kwamba fasili itaje jinsi iliyo juu zaidi, silaha ya moto, ili mshtakiwa asije akajitetea kwa upatanisho wa ki-/vi-. Utetezi wa namna hiyo unachekesha ukisomwa katika jarida la isimu, lakini sheria za jinai husomwa neno kwa neno, na shaka huenda kwa mshtakiwa.

7.0 Majina yatokanayo na watu

Mwisho ipo njia ya kuepuka suala la kichwa kabisa, nayo ni kukiita kitu kwa jina la watu. Mfano wake maarufu ni bastola iliyobuniwa na Louis Dolne wa Liège, Ubelgiji, karibu na mwaka 1869. Imekusanya vitu vitatu: mzinga mdogo unaozunguka wenye risasi, kisu kifupi cha kukunja, na mpini uliotobolewa matundu manne ya kuvalia vidoleni, ili mwenyewe akitaka apige ngumi ya chuma. Haina mtutu kabisa. Risasi hutoka moja kwa moja kwenye mzinga, kwa hiyo inafaa tu kwa mtu aliye karibu kiasi cha kuguswa. Vitu vitatu vimefungwa pamoja, na hakuna kimoja kinachofanya kazi yake vizuri.

Silaha hii inajulikana kwa jina la Apache. Si kwamba watu wa taifa hilo la Amerika ya Kaskazini waliitengeneza au kuitumia. Mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti ya Paris yaliwaita hivyo vijana wahuni wa mitaani, kwa kuwafananisha na picha ya ukatili ambayo wasomaji wa Ulaya walikuwa wamepewa kuhusu watu hao, na silaha iliyohusishwa na wahuni ikabeba jina lao. Mtafsiri akiandika "bastola ya Waapachi", -a unganifu, ambayo katika sehemu ya 3.0 imesifiwa sana, itafanya kazi yake ya kawaida ya kuonesha umilikaji au asili, na msomaji wa Kiswahili ataondoka akiamini kwamba taifa zima liliwahi kuwa na bastola za visu. Dharau iliyoanzia katika gazeti la Paris itakuwa imepata makazi mapya, tena kwa jina la istilahi. Hapa ni afadhali kuliacha neno la kigeni kando na kueleza kitu.

Kosa linalofanana na hilo, ijapokuwa halina dharau ndani yake, linanyemelea jambia la India lililotajwa katika sehemu ya 2.0. Jina lake, katar, linakaribiana kwa sauti na kitara cha Kiswahili, na mtu anaweza kushawishika kuandika "kitara cha bastola mbili". Kitara ni upanga uliopinda. Katar ni jambia fupi la bapa lililonyooka, lenye mpini wa vijiti viwili sambamba vilivyounganishwa kwa kishikio cha kukingama, na hutumika kwa kusukuma ngumi. Katika zile zenye bastola, kishikio hichohicho kikikazwa ndipo bastola hulia.

Kwa kamusi itakayotaka kuingiza vidahizo hivi, maumbo yafuatayo yanapendekezwa:

(6) a. bastola ya upanga nm [i-/zi-] bastola iliyofungiwa bapa la upanga lisilotenganishwa na mtutu.
b. kisu cha kufyatua risasi nm [ki-/vi-] silaha ya moto iliyojengwa ndani ya mpini wa kisu.
c. jambia la bastola nm [li-/ya-] jambia la kusukuma lenye mtutu mmoja au zaidi kando ya bapa.
d. bastola ya ngumi nm [i-/zi-] bastola isiyo na mtutu ambayo mpini wake huvaliwa vidoleni, na ambayo huwa na kisu cha kukunja.

Wingi wa (6a) ni bastola za upanga, si bastola za panga, kwa kuwa kijalizo katika muundo huu hutaja aina na hakihesabiki, kama ilivyo katika visu vya mkate. Katika (6b) neno risasi halibadiliki, hata kwa kisu chenye kubeba risasi nne.